Toleo la Shangazi

Kosa lilifanyika Alhamisi saa tano asubuhi, mchana kweupe, na aliyelifanya alikuwa ameshiba na hana haraka yoyote. Watu wakisikia fundi wa kompyuta amekosea, hudhani maskini alikuwa amekesha siku tatu. Huyu alikuwa ametoka kunywa chai.

Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, na kwa kuwa wateja wake wote walimwita Fundi, nasi tumwite hivyo hivyo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabomba na masinki, chenye meza, skrini mbili, na kiti ambacho gurudumu lake moja lilifungwa kwa kamba. Kazi yake ilikuwa kutengeneza viendelezi, yaani vile vijiprogramu vinavyojibandika kwenye kivinjari na kukiongezea kitufe hapa, rangi pale, onyo kule. Hakuvitengeneza kwa kila mpita njia. Kila kiendelezi alikitengeneza kwa mteja wake, akakiweka kwenye duka la viendelezi mtandaoni kwa namna ya siri: ukiwa kwenye orodha ya walioalikwa unakiona, usipokuwamo utatafuta mpaka uchoke. Ilikuwa kazi ya kupima na kushona, si ya kutundika nguo mlangoni.

Wateja wake walikuwa kumi na mmoja, na mkubwa wao alikuwa masjala ya hospitali, penye makarani ishirini na wawili. Kiendelezi chao kilifanya jambo moja tu: namba ya jalada la mgonjwa isipoendana na tarehe yake ya kuzaliwa, kilipaka mstari rangi nyekundu. Hakikusema neno. Makarani walikipenda kwa sababu hiyohiyo.

Lakini kulikuwa na kiendelezi cha kumi na mbili, na orodha yake ilikuwa na anwani moja tu. Hicho kilikuwa cha Shangazi.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa karani wa masjala hiyohiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Meza yake ilikuwa dirishani, na kiti chake hakuna aliyethubutu kukiazima. Makarani wengi mle ndani walifundishwa kazi naye, na aliwafundisha kwa mtindo wake. Namba za majalada zilikuwa na tarakimu saba, na Shangazi alizisoma kwa sauti: tatu za kwanza, kisha anasema "pumua", kisha nne za mwisho. Alisema kosa huingia mtu anapokosa pumzi. Karani mgeni akipotea kwenye ukurasa, Shangazi alimwambia bila kugeuka, "Umeruka mstari. Rudi juu." Jinsi alivyojua bila kugeuka, hakuna aliyewahi kuelewa.

Fundi naye alipita mikononi mwake. Shule zikifungwa, Shangazi alikuja naye kazini, akamketisha chini ya meza na rundo la majalada ya zamani ayapange. Kila alichokijua kuhusu kupanga vitu alijifunzia chini ya meza ile, akiwa na kipande cha mkate na miguu ya Shangazi kama ukuta. Na siku aliposema anataka kusomea kompyuta, wakati wengine katika ukoo wakiulizana kompyuta italiwa vipi, Shangazi aliuza cherehani yake. Hakulizungumza tena. Fundi hakulisahau hata siku moja.

Miaka miwili nyuma, wakipanda ngazi pamoja, Shangazi alisimama katikati na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, macho yangu yanaisha."

"Yanaisha vipi?"

"Katikati. Nikiitazama saba, naona kandokando yake tu. Yenyewe haipo. Daktari amesema miwani haitasaidia, na kwamba itakwenda polepole."

"Kazini wanajua?"

"Kazini sijasema, na wewe hujasikia."

Alikuwa na sababu yake. Kabla yake palikuwa na karani mzee aliyeanza kutetemeka mikono. Wakampeleka stoo kuhesabu maboksi matupu, kwa wema tu, eti apumzike. Alihesabu maboksi miezi tisa, kisha siku moja hakuja, na hakuna aliyejua kama ameaga. Shangazi alikuwa amebakiza miaka mitatu na ushee astaafu. Alitaka kuimaliza kwenye kiti chake, aondoke kwa miguu yake, siku yake. Hakutaka kingine.

Hapo ndipo Fundi alipokaa chini na kukitengeneza kile kiendelezi cha kumi na mbili. Kilikuza tarakimu na kuzinenepesha, na Shangazi akipitisha kipanya juu ya namba, kilimsomea. Mwanzoni Fundi aliweka sauti ya mashine. Shangazi alisikiliza siku mbili akamrudishia maneno: "Huyo mtu wako anasoma kama anafukuzwa. Na hapumui." Basi Fundi akaingia kabatini, katikati ya makoti, mahali pasipo na mwangwi, akarekodi sauti yake mwenyewe. Alisoma tarakimu zote kumi, miezi kumi na miwili, na "pumua" moja ndefu yenye raha.

Na kwa kuwa mteja alikuwa mmoja, tena ni shangazi yake, akanogewa. Akaongeza: "Shangazi, umeruka mstari. Rudi juu." Akaongeza: "Shangazi, hiyo ni saba, usiifanye moja." Saa saba mchana ikifika: "Shangazi, nenda ukale, majalada hayana miguu." Shangazi aliyasikia yote hayo kwa kisikilizi kimoja kilichofichwa sikioni chini ya kitambaa cha kichwa, na makarani waliomwona akitabasamu peke yake dirishani walidhani ni uzee mwema.

Basi, turudi kwenye ile Alhamisi. Masjala walikuwa wameomba rangi nyekundu ipunguzwe ukali, Fundi akaipunguza. Kwenye skrini yake palikuwa na vifurushi viwili vilivyokaa bega kwa bega, kimoja kimeandikwa masjala, kingine masjala-shangazi. Akaburuta kimoja, akakipeleka dukani, akabonyeza tuma, akaenda kununua maandazi. Duka lina wakaguzi wake. Walikichunguza siku mbili wakaona hakina ubaya, na kwa kweli hakikuwa na ubaya. Jumamosi kikapita. Viendelezi vina tabia ya kujisasisha vyenyewe bila kumuuliza mtu, kwa hiyo Jumatatu, makarani ishirini na mmoja walipowasha kompyuta zao, wote walikuwa wamepata toleo la Shangazi. Wala hawakuwa na visikilizi. Walikuwa na spika.

Simu ililia saa mbili na robo. Aliyepiga alikuwa mkuu wa masjala, ambaye makarani walimwita Bwana Nukta, kwa kuwa aliwahi kurudisha jalada zima kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana baada ya kifupisho. Hakujua kama anaitwa hivyo. Au alijua.

"Fundi," alisema, "hapa ofisini kompyuta zinatuita shangazi."

Fundi alisimama. Kiti kilimkimbia kwa magurudumu yake matatu, kikagonga ukuta.

"Zote?"

"Zote. Mimi mwenyewe nimeambiwa nimeruka mstari." Akashusha sauti. "Na kweli nilikuwa nimeuruka."

"Mkuu, kuna kitufe pale juu, kila mtu akikibonyeza..."

"Njoo kwanza," alisema Bwana Nukta, akakata.

Fundi alijua duka halirudishi kitu nyuma. Ukitaka kufuta kosa, inabidi upeleke toleo jipya lenye namba kubwa zaidi, nalo likakae foleni kwa wakaguzi siku moja au mbili. Akalipeleka lile sahihi, akisoma jina la kifurushi mara tatu kwa kidole. Kisha akateremka ngazi akiwa amevaa kandambili, na hakugundua mpaka amefika hospitalini.

Njia nzima hakuwa akiifikiria masjala. Mteja akikasirika huombwa radhi, na akiondoka huja mwingine. Alikuwa akifikiria maboksi matupu. Miaka miwili Shangazi alificha jambo moja, akamwamini mtu mmoja, na mtu huyo alikwenda kununua maandazi.

Masjala ni chumba kirefu, rafu za chuma upande mmoja, meza upande mwingine, na madirisha ya kuhudumia watu mbele. Alipofungua mlango alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka pande zote kwa pamoja. "Tatu, moja, saba, pumua, nne, nne, sifuri, mbili." Kutoka meza ya mbali: "Shangazi, hiyo ni saba, usiifanye moja." Mgonjwa mmoja pale dirishani alikuwa akicheka waziwazi. Lakini makarani hawakucheka. Inaelekea walicheka dakika tano za kwanza, kisha wakaisikia ile "pumua", kila mmoja akakumbuka ni nani aliyemfundisha kupumua hapo, na kicheko kikawaishia. Sasa walikuwa wanafanya kazi wakiwa wameinamisha vichwa, na hakuna aliyetazama dirishani.

Shangazi alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Kisikilizi alikuwa amekitoa, amekiweka mezani mbele yake, hadharani.

Fundi alichuchumaa kando ya kiti, mahali palepale alipokuwa akikaa utotoni. "Shangazi, nimechanganya vifurushi viwili. Nisamehe."

"Vilikaa pamoja?"

"Vilikaa pamoja."

"Nilikufundisha nini kuhusu majalada mawili yanayofanana?"

"Usiyaweke rafu moja."

"Basi," alisema Shangazi. "Hebu nyanyuka, umekuja na kandambili kwenye ofisi ya watu."

Bwana Nukta alitokea mlangoni mwa chumba chake cha vioo na kuwaita wote wawili kwa mkono. Shangazi alikwenda mbele, akihesabu hatua, kama alivyokuwa akifanya siku hizi bila mtu kumgundua. Fundi alimfuata nyuma akiwa na maneno ya kumtetea, ameyapanga vizuri, na yote yakampotea mlango ulipofungwa.

"Tangu lini?" aliuliza Bwana Nukta.

"Miaka miwili," alisema Shangazi. "Ukitaka kunipeleka stoo, sema sasa hivi. Usinizungushe."

Bwana Nukta alifungua droo, akatoa daftari jembamba lenye jalada la kijani, akaliweka mezani, kisha akakumbuka macho ya Shangazi, akalifungua na kulisoma mwenyewe.

"Mwaka juzi, mwezi wa tatu, makosa tisa. Mwezi wa nne, kumi na mawili. Wa tano, manane. Wa sita, kumi na mawili. Jumla arobaini na moja." Akafunua ukurasa. "Mwezi wa saba, sifuri. Wa nane, sifuri. Na tangu hapo sijaandika kitu."

Shangazi alikunja uso. "Makosa ya nani?"

"Yako."

"Mimi sijawahi kurudishiwa jalada hata moja."

"Ndiyo. Nilikuwa nakuja saa moja kamili kabla hamjafika, nayasahihisha." Alilifunga daftari. "Nililiandika nipate kujua kama yanaongezeka, ili nijiandae kuwahi zaidi. Mwezi wa saba yalipokoma, nilidhani umepona. Nilifurahi sana, kusema kweli. Nikarudi kulala mpaka saa kumi na mbili na nusu."

Kule nje, sauti ya Fundi iliyorekodiwa ilikuwa ikimsomea mtu tarehe ya kuzaliwa.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Shangazi, na sauti yake haikuwa ya kawaida tena.

"Na wewe kwa nini hukumwambia mkuu wa zamani? Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa naruka mistari kama mtu anayeruka madimbwi. Kila jioni ulibaki ukarudia kurasa zangu, asubuhi nakuta safi. Ungesema neno moja tu, leo ningekuwa nauza viatu." Bwana Nukta alivua miwani yake, akaifuta kwa tai. "Sijawahi kukushukuru. Nilikuwa natafuta namna. Kuja saa moja ndiyo namna niliyoipata."

Shangazi alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Fundi alitaka kumshika bega lakini aliona si mahali pake, akabaki amesimama na kandambili zake, machozi yakimteremka bila kuyafuta. Ile hofu aliyokuja nayo ilikuwa imemtoka mwilini, na nafasi yake ikajaa shukrani. Kumbe aliyekuwa akimwangalia Shangazi hakuwa yeye peke yake.

Bwana Nukta, kwa kuwa alikuwa Bwana Nukta, hakuweza kukaa na jambo la namna hiyo mezani bila fomu. Alichomoa moja. Ilikuwa fomu ya kuandikisha kifaa cha kazi, ileile inayotumika kwa mtu anayehitaji kiti maalumu. Akaandika polepole. Aina ya kifaa: kiendelezi cha kivinjari. Mtumiaji: akaandika cheo cha Shangazi kwa urefu wake. Muda: mpaka siku ya kustaafu. Akaweka nukta. Akaisoma tena tangu juu, akagonga muhuri.

"Stoo hakuna kazi," alisema. "Mwezi ujao naletewa makarani wapya wanne. Nani atawafundisha kupumua?"

Shangazi alicheka, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, akakizuia kwa ncha ya kitambaa chake.

Waliponyanyuka kutoka, Bwana Nukta alikohoa. "Fundi. Hiyo orodha yako ya siri, ya toleo lile lenye sauti. Ina nafasi?"

"Ya nani, Mkuu?"

Alikuwa bado ameshika miwani mkononi. Bila miwani alionekana mtu mwingine, mchovu kidogo, mwenye macho mekundu ya kusoma tarakimu ndogo miaka ishirini na mitano. "Ya mtu mmoja," alisema.

Jumanne jioni wakaguzi waliliruhusu toleo sahihi, na Jumatano asubuhi masjala ikafunguka kimya, mistari ikipakwa wekundu mpole kama ilivyoombwa. Fundi alitegemea shukrani. Alipata malalamiko. Karani wa dirisha la tatu aliandika kwamba tangu asubuhi ameruka mistari minne na hakuna aliyemwambia. Mwingine akauliza, kwa ajili ya rafiki yake, kama mtu mwenye maumivu ya kichwa kila mchana anaweza kukuziwa zile tarakimu. Hawakuuliza mbele ya wenzao. Walituma ujumbe mmojammoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Mpaka jioni, orodha iliyokuwa na anwani moja ikawa na anwani saba, na Fundi aliziingiza kwa mkono, akizisoma kwa sauti, akipumua katikati. Vile vifurushi viwili sasa vilikaa kwenye folda mbili tofauti.

Kwa wale sita wapya aliuliza waitwe nani, maana neno Shangazi lilikuwa limo ndani ya rekodi. Alikuwa tayari kurudi kabatini kwenye makoti akarekodi upya. Watano walijibu kwa maneno yanayokaribiana: liache. Bwana Nukta alijibu kwa barua yenye tarehe na kumbukumbu namba: "Liachwe kama lilivyo. Ukianza kubadilisha, utakosea tena."

Ijumaa alikwenda kuhakikisha kila kitu kimekaa sawa, safari hii akiwa na viatu. Masjala ilikuwa kwenye kazi. Shangazi alikuwa dirishani, kisikilizi sikioni, kitambaa kimesukumwa nyuma, hakifichi kitu. Mwaka mmoja na miezi mitatu ilikuwa imebaki, na alikuwa akiisogeza mbele jalada kwa jalada. Fundi aliegemea rafu, akamtazama, hakumwita.

Kutoka kwenye chumba cha vioo, ambacho mlango wake ulikuwa umeachwa wazi na mwenye chumba hakupenda visikilizi, ikasikika sauti ya Fundi, wazi kabisa: "Shangazi, umeruka mstari."

Rekodi ilikuwa na maneno mawili zaidi, lakini hayakusikika. Kabla hayajatoka, Shangazi, bila kugeuka, alikuwa ameshayasema.

"Rudi juu."

"Narudi, Shangazi," alijibu Bwana Nukta. "Asante."